Baba Mdogo wa Shekinah

Jumamosi, 5 Agosti 2017

Upepo wa Agosti hapa Johannesburg umeamua kuhamishia Jules Street yote ndani ya duka langu. Vumbi kwenye cherehani. Vumbi kwenye chai. Vumbi kwenye suruali ya bwana harusi ambaye ataniua. Nikafunga mapema, nikavaa kofia yangu ya Nyuki, nikaenda mtaa wa Observatory kutazama mpira wa kikapu wa shule za sekondari.

Nyuki ni timu ya chuo kikuu chetu. Nasema chetu. Sikusoma pale. Nilichosoma ni kushona, Lubumbashi, basi. Lakini kuna yule nyuki mkubwa wa kitambaa anayeruka-ruka pembeni ya uwanja wakati wa mapumziko, na mabawa yake nimeyashona mimi, Théodore, fundi wa Malvern. Tangu siku hiyo nina kadi ya mashabiki na kiti safu ya mbele. Mtu aliyeshona makalio ya nyuki si mgeni tena, ni mwanafamilia.

Sasa mshtuko. Kuna msichana! Mrefu kama nguzo ya taa, mikono kama pangaboi. Wenzake wanarusha mpira, yeye anaunyaka hewani kama mtu anayeanua nguo kabla ya mvua. Nilisimama. Nikapiga kelele mpaka kofia ikaanguka. Mama mmoja akaniambia nikae, anaitwa Shekinah, yuko mwaka wa mwisho, na kelele zangu hazimfanyi aruke juu zaidi.

Mshtuko wa pili: mama yake ni Mkongo! Célestine, msusi wa nywele Yeoville, mtu wa Bukavu.

Mshtuko wa tatu, wa kuudhi: Bakiri alikuwepo. Bakiri ni Mtanzania, hutengeneza simu mkabala na duka langu. Anaishi Malvern, anakula Malvern, lakini anashabikia Mamba wa Pretoria, mahasimu wetu! Niliwahi kumuuliza kwa nini, akasema anapenda rangi ya jezi. Alikuwa amekaa anakula karanga, macho kwa Shekinah.

Haiwezekani. Msichana huyu atakuwa Nyuki. Nitashughulika mwenyewe.

Jumapili, 6 Agosti

Nimeshughulika. Baada ya ibada nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa mikono yangu, na samaki mkavu, na mawese ya kweli. Nikabeba sufuria hadi kwenye ghorofa lao Observatory, mlima wote kwa miguu, mfuniko ukinichoma kidevu.

Mama Célestine alifungua mlango akiwa na kitana mdomoni. Akakitoa. Akaniuliza, "Weye papa, unaleta sombe juu ya nini? Nani amekufa?"

Nikasema hakuna aliyekufa. Ni salamu tu kutoka kwa jirani. Akauliza jirani wa wapi. Nikasema Malvern. Akasema Malvern si jirani, Malvern ni safari. Lakini alipokea, maana harufu ya sombe ile hata hakimu angeipokea.

Shekinah alikula, akajaza sahani tena. Msichana amezaliwa hapa, Kiswahili anasikia lakini mdomoni mwake kinatoka vipande vipande. Alisema, "Sharp, malume, hii ni nzuri sana." Malume! Kwa Kizulu ni mjomba! Moyo wangu ulifanya kitu. Baadaye nilimsikia kwenye simu akimwita mwenye spaza, kiduka cha mtaani, malume pia, lakini hilo sikulitilia maanani.

Kabla sijaondoka aliingia mdogo wa kike wa Célestine, Arlène, mlinzi kwenye duka kubwa Sandton. Sare, buti, redio kiunoni. Akanitazama juu mpaka chini jinsi wanavyomtazama mtu anayetoka dukani na koti lililotuna. Akauliza sufuria ina nini chini ya sombe. Nikasema sombe. Akacheka. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni. Nyumba nzima ilisikia.

Nilisahau kutaja Nyuki hata mara moja. Bora. Ndiyo mbinu yenyewe.

Jumatatu, 7 Agosti

Siamini. Sikubali. Siamini!

Mashabiki wote tuliitwa chuoni. Kuna afisa mpya wa michezo, Bi Kawira, Mkenya, miwani myembamba, sauti ya upole kama ya daktari wa meno. Akasema kuanzia mwaka huu kuna kanuni za mashabiki. Nikadhani ni kuhusu vuvuzela.

Si vuvuzela. Shabiki haruhusiwi kumpa mchezaji zawadi. Wala nguo. Wala lifti. Wala muda wa maongezi. Shabiki haruhusiwi kumtafuta mwanafunzi wa shule anayewindwa na timu, kumpigia, kumwandikia, kwenda kwao, au kumwambia chuo gani ni kizuri. Hiyo ni kazi ya kocha peke yake. Shabiki akivunja kanuni, anayeumia kwanza ni mchezaji. Anaweza kuzuiwa kucheza. Anaweza kukosa ufadhili wa masomo.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa niaba ya rafiki, kama chakula nacho ni zawadi. Akasema ndiyo. Nikauliza kama sombe ni chakula, maana wengine huihesabu ni mboga tu. Akavua miwani. Akasema, "Mzee wangu, mimi natoka Meru, lakini sombe naijua. Sombe ni chakula. Huyo rafiki yako amempikia nani?"

Nikasema rafiki yangu yuko Kinshasa.

Nyuma yangu wakacheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza ni dunia gani hii ambayo kumlisha mtoto mwenye njaa ni kosa. Nilipofika dukani nikaona jambo: Bi Kawira alisema pia kwamba kitu kinachotolewa kwa watu wote, bila kumchagua mchezaji, hicho si kosa. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Kwa watu wote!

Ahsante, Bi Kawira.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya Wanawake. Serikali yenyewe imenipa siku.

Mpango ulikuwa safi. Nilikuwa nimeona suruali ya mazoezi ya Shekinah inaishia katikati ya miguu, vifundo vinatetemeka kwa baridi. Nikamshonea suruali nyeusi, lastiki nzuri, mstari wa njano ubavuni. Njano na nyeusi ni rangi za Nyuki, lakini pia ni rangi za vitu vingi. Kisha, ili iwe kwa watu wote, nikashona vilemba kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, kwa kila mwanamke wa ghorofa lile. Zawadi ya sikukuu. Kila mwanamke anapata kitu, na mmoja wao kwa bahati tu anapata suruali ndefu sana.

Nilisimama chini ya ngazi nikigawa. Baraka tupu, kwa muda. Kisha Mama Brigitte wa chini akaona suruali. Akauliza kwa nini yeye kapewa kitambaa cha kichwa na mtoto kapewa suruali, je yeye hana miguu? Nikasema vilemba vimekwisha ndiyo maana. Akasema kwa hiyo suruali zipo? Akaita wenzake. Wakashuka. Nikazungukwa na wanawake wenye vilemba vyangu vichwani, wakidai suruali kwa Kiswahili, Kifaransa, Kizulu na Kishona. Mmoja alinivua futi shingoni akaanza kujipima kiuno mwenyewe, akiita namba kwa sauti.

Ilibidi niwapime wote. Wote! Nimeahidi suruali kwa ghorofa zima. Sina kitambaa hicho. Hakuna mtu Johannesburg mwenye kitambaa hicho.

Shekinah alivaa ya kwake pale pale. Nikapiga magoti kupima mguu: imemfika vifundoni barabara. Aliruka, akagusa taa ya barazani. Nikasahau shida zangu zote.

Bakiri, kumbe alinifuata, alikuwa ng'ambo ya barabara ameinua simu. Nilidhani anatafuta mtandao.

Ijumaa, 11 Agosti

Hakuwa anatafuta mtandao.

Picha imezunguka Malvern yote. Mimi, kofia ya Nyuki kichwani, napiga magoti, napima urefu wa mguu wa Shekinah. Chini yake imeandikwa: "Shabiki namba moja wa Nyuki kazini." Nilikwenda kwa Bakiri nikamfokea. Akasema ameandika ukweli, mimi si husema mwenyewe ni namba moja? Kisha akauliza kama nina simu ya kutengenezwa au nimekuja kupiga kelele tu.

Bi Kawira alipiga simu saa ya chai. Alikuwa mpole. Upole ule unatisha kuliko matusi. Akasema picha imemfikia na lazima afanye uchunguzi.

Nikamwambia hakuna haja, kwa sababu najiuzulu ushabiki. Papo hapo. Kadi nairudisha, kofia nairudisha, kuanzia sasa mimi ni fundi wa kawaida na fundi humshonea amtakaye.

Akasema haiwezekani. Kwa kanuni, mtu akishakuwa shabiki anayetambuliwa na chuo, atahesabiwa shabiki siku zote.

Siku zote! Hata ndoa ina mlango wa nyuma! Hata jeshi la Mobutu lilikuwa na wastaafu! Nikamuuliza kama nikifa je. Akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Kisha akaniuliza kama kuna undugu kati yangu na familia ile, maana ndugu wa damu au wa ndoa hawabanwi. Mwenyezi Mungu hufungua dirisha. Nikasema ndiyo! Mimi ni mjomba! Mtoto mwenyewe ananiita malume!

Akauliza, "Kwa hiyo wewe na Mama Célestine ni tumbo moja?"

Nikasema kwa roho, ndiyo. Akauliza kwa damu je. Nikasema kwamba Bukavu na Lubumbashi si mbali sana ukitazama ramani kwa upendo. Akasema atampigia mama mwenyewe wiki ijayo.

Nimekaa na mkasi mkononi, sijakata kitu. Ndugu wa damu siwezi. Lakini alisema pia "au wa ndoa". Célestine ana mume, yuko Durban bandarini, nimeona picha yake ukutani na mikono yake nimeiona. Hapana.

Arlène hana mume.

Jumapili, 13 Agosti

Nimeposa!

Siamini ninavyoandika neno hilo. Kapera wa umri wangu, mtu ambaye mara ya mwisho alimwandikia mwanamke barua Zaire ikiwa bado inaitwa Zaire. Nilimsubiri Arlène nje ya kanisa, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Nikamwambia kwamba mtu hapaswi kuishi peke yake, kwamba familia ni nguzo, na kwamba ningependa sana, tena upesi iwezekanavyo, kuwa baba mdogo wa watoto wa dada yake.

Akasema, "Papa Théo, unaniposa mimi ama unaposa watoto wa yaya?"

Kwao yaya ni dada mkubwa. Nikasema vyote vinakwenda pamoja.

Nilitegemea atanipiga na redio. Hakunipiga. Alitazama pembeni, kwenye magari, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: ameona haya. Arlène, mtu anayekamata wezi kwa kola! Akasema hajasema ndiyo. Akasema nije kwanza tuongee kama watu, Jumatano, siku yake ya mapumziko, tunywe chai. Akasema sombe yangu ilikuwa na chumvi nyingi lakini mwanaume anayepika hapatikani ovyo.

Baba mdogo! Kanuni imezibwa mdomo. Nilimpungia Bakiri mkono nilipopita. Alishtuka. Vizuri.

Jumatano, 16 Agosti

Chai na Arlène, kwenye mgahawa wa Mhabeshi. Nilikwenda na mpango wa kuuliza tarehe. Badala yake nikamsikiliza.

Alinieleza jinsi alivyokuja, yeye na Célestine, Shekinah akiwa bado tumboni. Jinsi walivyolala sakafuni kwa mtu. Mwaka 2008 walikuwa Alexandra, wageni walipokuwa wakishambuliwa. Hakusema mengi kuhusu hilo. Alisema tu kwamba walitoka na mtoto na blanketi, na kwamba Shekinah alijifunza kurusha mpira kwenye uwanja wa kanisa walipohifadhiwa, na kikapu kilikuwa ndoo isiyo na kitako iliyofungwa kwa waya. Akasema dada yake anasuka nywele mpaka vidole vinavimba. Akasema mtoto huyu akipata chuo, basi yale yote yatakuwa yamekwenda mahali fulani.

Kisha akanihadithia mwizi aliyejaza nyama ya kusaga kwenye soksi, akacheka kile kicheko chake, na mimi nikacheka hadi chai ikanitoka puani.

Nilisahau kuuliza tarehe. Nimeshtuka sana. Sijawahi kusahau mpango.

Jumamosi, 19 Agosti

Siku mbaya.

Shekinah alikuja dukani. Nilisimama kwa furaha, nikamvutia kiti. Hakukaa. Aliweka suruali juu ya meza ya kukatia. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

Akaniambia Bi Kawira amewapigia. Nyuki walikuwa wameshamwandalia nafasi, masomo na malazi vyote vimelipiwa, na mama yake alishapiga vigelegele. Kocha alikuwa ameshafika kwao tangu mwezi wa tano! Mimi sikujua! Nafasi ilikuwepo kabla ya sombe! Sasa imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe.

"Malume," akasema, "mimi nacheza tangu niko mtoto. Na viatu ya watu wengine. Hakuna mtu alinipa kitu. Sasa wananiuliza, who bought you? Nani amenunua wewe?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Nawaambia nini? Pot ya sombe?"

Nilimwambia aichukue suruali, baridi bado ipo. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya samaki. Akaondoka, vifundo nje, upepo ukipiga.

Nilifunga duka. Nimekaa tu. Nilitaka kumpandisha mtoto ngazi, kumbe nimekalia ngazi yenyewe.

Jumatatu nitakwenda kwa Bi Kawira kueleza kila kitu. Nitampelekea keki.

Jumatatu, 21 Agosti

Keki hairuhusiwi.

Aliirudisha bila kufungua boksi. Akasema, "Mzee Théodore, unaleta zawadi kwa mtu anayechunguza zawadi zako?" Nikasema ni ya watu wote, aigawe ofisini. Akafunga macho kwa muda mrefu kiasi.

Nikamweleza yote. Sombe, vilemba, suruali, undugu wa kiroho. Hata uchumba nilimweleza, kwa fahari kidogo, kama ushahidi wa juhudi. Akauliza kama Arlène anajua sababu ya uchumba. Nikasema kwamba jambo hilo halijatokea kwenye mazungumzo.

Bi Kawira akasema kesho wote watakuwepo.

Wote?

Jumanne, 22 Agosti

Wote.

Chumba kidogo chuoni, meza ndefu, dirisha linaloangalia uwanja. Bi Kawira kwenye kichwa cha meza. Kocha pembeni. Mama Célestine na kitenge chake cha kanisani. Shekinah na sare ya shule. Arlène na sare ya kazi, maana aliomba ruhusa ya muda mfupi tu.

Nilieleza. Nilisema mtoto hakuomba kitu, mama hakuomba kitu, kocha hanijui hata jina. Kocha akathibitisha kwa nguvu kwamba hanijui. Iliniuma lakini ilisaidia. Nikasema kosa ni langu, lote, kuanzia chumvi mpaka lastiki. Nilisema vizuri. Nadhani Mama Célestine alilainika.

Ndipo Bi Kawira, kwa upole wake ule wa kung'oa jino, akasema kuna suala la uhusiano wa kifamilia, na je, posa ile ni ya kweli au ilifanywa kukwepa kanuni?

Nikafungua mdomo. Arlène alikuwa ameniwahi. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Ulinipenda mimi, ama ulipenda kanuni?"

Jibu lilikuwepo. Naapa lilikuwepo. Lakini mawazo yangu yalikwenda kwanza kukagua ni jibu lipi litamsaidia Shekinah, kisha lipi litanisaidia mimi, kisha lipi ni la kweli, na yaliporudi kiti cha Arlène kilikuwa kitupu. Nikasikia buti zake kwenye ukumbi, zikienda. Redio yake ikiongea peke yake.

Mama Célestine alinitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Papa, siku ile ya chai angalikuambia ndiyo. Alishanunua na nguo mpya ya kuja kunywa chai nawe." Kisha hakunitazama tena.

Uamuzi: Shekinah hana hatia. Suruali imesharudishwa. Sombe haiwezi kurudishwa, kwa hiyo familia itapika sufuria kama ile na kuipeleka kwenye makao ya watoto yatima, ili pasiwe na faida iliyobaki. Sufuria ya sombe kwa sufuria ya sombe! Sijawahi kusikia haki ya namna hiyo, lakini nikiifikiria, ni haki. Nafasi yake chuoni imerudishwa palepale. Mama Célestine alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akakimeza.

Mimi: marufuku kuingia uwanjani msimu mzima. Kofia niache mapokezi.

Nimetoka kichwa wazi. Upepo ukanichukua nywele chache nilizonazo.

Alhamisi, 31 Agosti

Bakiri aliingia dukani mwangu. Bakiri! Hajawahi kuvuka barabara kuja kwangu. Uso wa kijivu. Akauliza kama nimesikia.

Shekinah amechagua. Ametia saini.

Nikasema najua, Nyuki. Akasema hapana. Nikasema usiniambie Mamba. Akasema laiti.

Durban! Chuo cha Durban, timu ambayo sijawahi hata kuisikia ikitukanwa! Baba yake yuko huko bandarini, na wana masomo ya kutibu viungo na mifupa ambayo ndiyo aliyoyataka tangu mwanzo. Kumbe alikuwa na kitu alichokitaka! Hakuna aliyemuuliza. Bakiri anasema alipoulizwa na gazeti la shule kwa nini Durban, alijibu kwamba kule hakuna mtu aliyewahi kumletea chakula.

Bakiri akakaa kwenye kiti cha wateja. Akakiri, bila mimi kumbana, kwamba yeye naye alitaka kumtengenezea Shekinah kioo cha simu bure mwezi wa sita, akamwambia asimwambie mtu, na mtoto akaichukua simu yake siku hiyo hiyo bado imepasuka, akasema atasubiri apate pesa.

Nikachemsha chai. Tukanywa, Mamba na Nyuki, tukitazama magari ya mitumba yanavyong'arishwa ng'ambo. Mwisho akasema huyo mtoto ana akili kuliko sisi. Nikasema eish.

Alipoondoka nilimwandikia Arlène ujumbe. Nilisema jibu lilikuwa "wewe". Nilisema samahani limechelewa, lilikuwa limekwama kwenye foleni. Amesoma. Hajajibu.

Bora nimejifunza. Basi. Mipango imekwisha. Kuanzia leo mimi ni cherehani na Biblia tu.

Jumatatu, 11 Septemba

Arlène alijibu! Neno moja: "Nimesikia." Nimelisoma kwa kila namna. Si ndiyo. Lakini si hapana. Mama Brigitte, aliyekuja kudai suruali, anasema mwanamke aliyesikia bado anasikiliza. Ningepaswa kwenda Sandton leo kumngoja atoke kazini, nimwambie kwa mdomo. Nilikuwa nimeshavaa suti ya kijivu. Nilikuwa naufunga mlango.

Kisha akaingia mteja. Mtu mrefu, mpole, begi mkononi. Akatoa suruali nyeusi, imechanika kwenye mshono wa nyuma. Akasema aliinama kuokota mpira. Nikauliza mpira gani. Akasema kikapu. Yeye ni refa.

Nikaketi.

Akasema Jumamosi ijayo anachezesha Nyuki na Mamba, na anaomba iwe tayari kabla ya hapo, kwa kushona tu, asiingie gharama kubwa. Suruali yenyewe imechakaa. Magoti yanaangaza. Mtu mwenye kazi nzito kama hiyo, anakimbia juu na chini mbele ya umati, katika suruali kama hiyo! Inahuzunisha. Inatia aibu jiji zima.

Nimeshavua koti. Nimetoa kitambaa cheusi kizuri, kile cha bwana harusi. Sandton nitakwenda kesho, au kesho kutwa, Arlène haendi popote.

Kanuni za Bi Kawira nimezisoma zote tena, mstari kwa mstari, mpaka mwisho wa karatasi. Zinataja mchezaji. Zinataja mwanafunzi anayewindwa. Zinataja mama, kocha, hata keki sasa wameiongeza.

Hakuna mahali popote panapomtaja refa.